Kusimama Mpaka Roma

Nyie akina mama wa Kasansa mnaonizuia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, mkitaka kujua ilikuwaje, nimechoka kurudia. Namwambia mmoja kipande, akifika kwake anaongeza chumvi, mpaka juzi nimesikia eti nilibebwa mabegani na Wazungu kama chifu. Sikubebwa. Basi nimekaa nikaandika. Darasa la watu wazima limenifundisha, herufi zangu ni kubwa na hazikai kwenye mstari, lakini zinasomeka. Asiyejua kusoma asomewe, na anayesoma asiongeze.

Habari ya macho mnaijua. Masista walinipeleka Ujerumani, nikapasuliwa, sasa naona. Habari ya pasi na karatasi na sindano siandiki, haina utamu kwa mtu yeyote. Naanzia siku ya kuondoka.

Ndege ya kuturudisha ilikuwa inaondokea Roma, na sisi tulikuwa Kolon, mbali kabisa upande wa juu. Mjukuu wangu Yasinta alikuwa kulekule anasomea uuguzi, na mwezi ule ndio alipomaliza. Wenzake wawili walimaliza naye. Mmoja Levina, nesi kama yeye, mtoto wa Ilala, Dar es Salaam. Huyo mdomo wake haufungwi hata kwa kamba. Wa pili Masanja, kijana wa Kisukuma, mrefu, amesomea ufundi wa mashine. Baba yake ni mmoja wa wale waliohamia bonde letu na ng'ombe.

Vijana wakasema, "Bibi, twende kwa treni polepole, tulale mji huu na huu, tuone. Huku hatutarudi tena." Mimi nilitaka kufika nyumbani tu. Lakini mtu asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya wenyeji hawezi kuchagua njia. Nikafuata.

Kolon hadi Munchen

Treni yao inakimbia mpaka miti inakuwa ukuta. Nyie mmezoea gari la Mpanda kwenda Tabora, linasimama, unanunua karanga, unamsalimia mtu, linaondoka umeshajua habari za kijiji kizima. Hii haikupi nafasi hata ya kuuliza tuko wapi.

Ndani imegawanywa vyumba vya kioo. Kila chumba benchi mbili zinatazamana, watu watatu huku, watatu kule, magoti karibu yagusane. Nje ya mlango kuna korido nyembamba ya kupitia. Kumbukeni hiyo korido, nimeifahamu kuliko kanisa lolote la Ulaya.

Niliingia nikasema, "Hamjambo humu?" Kimya. Mzungu mmoja ameficha uso kwenye gazeti, mke wake anatazama dirisha. Nikarudia, "Nimesema hamjambo?" Yasinta akanivuta nguo.

"Bibi, huku hawasalimiani."

"Wamegombana?"

"Hapana, ndio kawaida yao."

"Basi wamegombana siku nyingi," nikasema, nikakaa.

Chakula kilikuwa mkate mweusi, mgumu, mchungu kidogo, na samaki wa kopo. Vijana walikuwa wanabana matumizi, kwa hiyo asubuhi mkate, mchana mkate, jioni mkate na maji ya bomba. Masanja alikuwa na kisu, anakata, ananipa kwanza mimi. Tulikula kopo moja, mimi na yeye, tunachovya pamoja. Mguu wangu huu wa kulia ukaanza kuvimba. Yasinta alikuwa amelala. Masanja akapiga magoti, akanivua kiatu, akatoa dawa ya kuchua, akanichua mpaka Munchen. Nikasema moyoni, ng'ombe wa watu hawa hawana adabu, lakini huyu mtoto amelelewa.

Munchen siwezi kuwadanganya, sikuona kitu. Tulitembea kutafuta nyumba ya parokia ya kulala, ikawa imejaa, tukatembea tena, tukapata nyingine. Nililala na viatu.

Munchen hadi Viena

Safari hii nilikaa na bibi wa Kizungu wa umri wangu, amefunga kitambaa kichwani kama mtu wa kwetu. Nilimsalimia, akaitika! Sijui aliitika nini. Akanimenyea tofaa, nikampa kipande cha mkate wetu, akakivunja na kuweka mdomoni kwa adabu ingawa yeye alikuwa na wake mzuri. Tukazungumza mpaka mpakani, yeye kwake, mimi kwangu. Nafikiri alikuwa ananieleza habari ya mwanawe aliyekufa, maana alionyesha picha. Nikamwambia na wangu alikufa, mama yake huyu Yasinta, mtoto akiwa na miezi minne. Huyo ndiye mtu niliyeongea naye Ulaya.

Viena ni mji wa nyumba kubwa na upepo. Tulilala kwa masista. Kesho yake Levina akanipeleka bustanini, akanikalisha kwenye benchi la chuma, baridi inapanda mpaka kwenye meno. Akatoa pakiti ya biskuti, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili.

"Bibi, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na kijana wako."

"Sina kijana. Nimezaa wasichana watupu."

Akacheka. "Masanja, Bibi. Anamtaka Yasinta. Mimi ndiye mshenga."

Niliangalia biskuti. "Mshenga gani anakuja na biskuti? Jembe la posa liko wapi?"

"Bibi, Viena nitapata wapi jembe?"

"Na wao wenyewe wamekubaliana?"

"Zamani! Mwaka mzima sasa."

Hapo nikashtuka. "Yaani kule kwenye treni, alipokuwa ananishika mguu, alikuwa anajua?"

"Ndiyo maana alikuwa anaushika vizuri!" Levina akasema, amefurahi kabisa. Mtoto wa Ilala, mtamwambia nini.

Nyie hamhitaji kuelezwa, lakini najua daftari hili litasomwa na watoto wenu wa shule, kwa hiyo naandika. Kwetu mama na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawali chombo kimoja, hawashikani mkono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na Wasukuma wanayo vilevile. Bibi wa kawaida hana shida hiyo, anamtania mume wa mjukuu wake, anamwita mume wangu. Lakini mimi si bibi wa kawaida kwa Yasinta. Alilivuta titi langu lililokwisha kukauka mpaka likamwonea huruma, likatoa maziwa. Ananiita Bibi kwa mazoea tu. Mama yake ni mimi.

Basi nilikuwa nimechovya kopo moja na mkwe, na mkwe amenichua mguu mpaka gotini, na Levina anatazama.

Na juu ya hayo, Msukuma. Mnakumbuka mwaka ule ng'ombe walipoingia mpunga wangu, nikavuna matope. Nimpeleke Yasinta akanywe maziwa huko wanakohamahama, mimi nibaki na macho mapya nyumba tupu, naangalia nini?

"Nimwambieje, Bibi?" Levina akauliza.

"Usimwambie kitu. Atajua mwenyewe."

Viena hadi Venisi

Asubuhi tukapanda. Masanja aliingia chumbani, akaona nimekaa, akarudi kinyumenyume mpaka korido. Akasimama huko ametupa mgongo. Nikaelewa: ameshajipa ukwe kabla hajapewa.

Nikagonga kioo. "Wewe! Ingia ukae."

Akajibu bila kugeuka, "Hapa panatosha, Bibi."

"Unamkimbia nani? Humu hakuna mkwe wako. Ingia."

Angefanya nini? Neno la mzee ni neno. Akaingia, akakaa kwenye kona. Nikaondoka nilipokuwa, nikaenda kukaa ubavuni pake, bega kwa bega. Nikasema, "Nikatie mkate." Akakata, akaweka kwenye karatasi katikati yetu ili nisipokee mkononi mwake. Nikasema, "Nipe mkononi." Akanipa, ameinamisha uso kama mtu anayepewa habari ya msiba. Hilo lilikuwa jibu langu, na alilisikia.

Yasinta alilisikia pia. Aliangalia nje, milima mizuri yenye theluji, machozi yanatiririka hayana sauti.

Levina akapiga makofi. "Mnaona sasa! Bibi amempenda! Tazama walivyokaa!"



Safari nzima ikawa vita ya viti. Akitoka kwenda msalani, harudi, anasimama mwisho wa korido. Ninamtuma Levina amwite. Anarudi, anakaa mbali. Mimi nahama namfuata. Kiuno kinaniuma, mguu umekuwa kama mhogo uliolowekwa, na bado nahama. Wazungu waliokuwa chumbani walifikiri mimi ni mgonjwa wa akili. Mmoja alinipa peremende.

Venisi

Mji ule umejengwa majini, sijui waliishiwa ardhi. Ukitoka stesheni ni maji, na njia zote ni madaraja ya ngazi, unapanda unashuka, unapanda unashuka, hujafika popote. Tulifikia nyumba ya masista, mbali, madaraja sijui mangapi. Nilifika nikakaa chini mlangoni.

Lakini hapo nilipata faraja moja. Sista wa jikoni alileta sinia, na juu yake ugali. Wa njano, umekatwa vipande kwa uzi, lakini ugali wa mahindi kabisa! Nilinawa, nikamega, nikafinyanga, na yule Sista akasimama ananitazama mpaka nikamaliza, akaenda kuwaita wenzake. Nimekula siku ile kama mtu aliyetoka kifungoni.

Masanja alichukua sahani yake akaenda kula uani, kwenye mvua nyepesi. Nikaita, "Masanja! Njoo mezani." Hakuja. Nikaita tena. Hakuja. Ndiyo mara ya kwanza kuniasi.

Kesho yake ilibidi turudi stesheni, treni ya Roma mchana. Nilitoka mlangoni, daraja la kwanza, mguu ukakataa. Nilikaa kwenye ngazi. Yasinta na Levina walijaribu kuninyanyua, wakashindwa, mimi si mwepesi. Wote tukamtazama Masanja.

"Chutama unibebe," nikasema. Nilijua ninachofanya. Akinibeba mgongoni, mambo ya ukwe yamekwisha, na yeye mwenyewe ndiye amemaliza.

Aliangalia mawe. "Siwezi, Bibi."

"Mashine za Wazungu unaweza kuzinyanyua, mimi huwezi?"

"Siruhusiwi."

"Amekukataza nani?"

Levina akampandia juu. "Mwanaume gani wewe! Unamwacha bibi wa watu kwenye ngazi! Na unataka kuoa!"

Masanja akatembea, akapotea nyuma ya nyumba. Yasinta akasema, "Amekwenda." Sauti yake ilikuwa ndogo. Nami nikasema moyoni, vizuri, amekwenda. Sikujisikia vizuri.

Tulikaa pale muda mrefu. Kisha nikasikia magurudumu. Alikuwa anarudi na mzee wa Kizungu mwenye mkokoteni wa kubebea masanduku, ule wa magurudumu mawili. Masanja alikuwa hana koti, amelitandika juu ya mbao. Na saa yake ya mkononi haikuwepo. Aliongea na Yasinta peke yake, amenipa mgongo. "Mwambie mama apande."

Sikuwahi kumsikia akiniita hivyo.

Wasichana wakanipandisha. Yeye akashika mbele, mzee nyuma, wakaanza kupanda madaraja, gurudumu moja moja, ngazi moja moja. Hakugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa na hasira ya mtu aliyeshindwa, nikamtukana njia nzima. "Wasukuma na mikokoteni! Hata Ulaya mmeikuta! Taratibu, mimi si gunia la pamba! Hivi ndivyo mnavyoendesha ng'ombe mpaka wanaingia mpunga wa watu!" Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, na ile ilikuwa baridi. Mzee wa Kizungu anacheka tu, anafikiri nasimulia hadithi.

Mama yangu aliwahi kuniambia, mwanaume anayekutazama usoni kabla hajaoa binti yako, atakutazama usoni siku akikuchoka. Nilikumbuka hilo kwenye daraja la mwisho. Nikanyamaza.

Stesheni

Treni haikuwepo. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma, wamekaa nje na mabango. Hakuna aliyejua lini. Watu walitandika makoti sakafuni wakakaa, familia nzima, watoto, mbwa. Tukakaa. Siku ile ikaisha, ya pili ikaanza. Mama mmoja wa Kiitaliano mwenye mikono minene alipita anagawa machungwa, hachagui mtu, na mimi nikapata mawili. Wakati wa shida wanajua kusalimiana.

Masanja alikaa upande wa pili wa nguzo, nisimwone wala asinione. Sikumwita tena, nilikuwa nimechoka. Kuchoka kule, akina mama, si kwa mguu.

Yasinta akaja akakaa karibu yangu, akaanza kumenya chungwa.

"Bibi, ukikataa nitatii."

"Najua."

"Nitakuchotea maji. Nitakupikia. Utakapokufa nitakuzika vizuri." Akaendelea kumenya, ganda halikatiki. "Lakini jioni tukikaa sitakuwa na la kukuambia."

"Atakupeleka wapi huyo?"

"Sijui. Serikali itanipangia hospitali, labda Mpanda, labda Sumbawanga. Yeye atatafuta karakana hapohapo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wa baba yake. Yeye anaogopa ng'ombe, Bibi. Alipigwa pembe akiwa mdogo."

Nusura nicheke. Nikamwambia anyamaze ale chungwa. Alikula. Nilimtazama vizuri, na macho haya mapya yanaona kila kitu. Mtoto amekonda. Miaka mitatu kwenye nchi isiyosalimiana, hakukonda. Tangu Viena amekonda.

Venisi hadi Roma

Mchana wa siku ya pili treni ikaja, watu wakaivamia kama nzige. Masanja alipita kwa nguvu, akaingia ndani, akakamata kiti cha dirishani, mguu mmoja ameutandaza kwenye kiti cha mbele yake kukizuia. Wasichana wakanisukuma mpaka mlangoni mwa chumba. Watu na mizigo vimejaa mpaka kwenye wavu wa juu. Akamwambia Yasinta, "Mwambie mama kiti hiki hapa," akauondoa mguu.

Nikakaa. Ee Mungu wangu, nilikaa. Siku mbili za sakafu, na sasa kiti laini, kina mgongo. Magoti yangu na yake yanagusana, hakuna pa kuyapeleka. Alijaribu kunyanyuka atoke, akashindwa. Mbele yake sanduku, juu ya sanduku mtoto wa watu amelala. Basi akageuza shingo dirishani, akavuta kola ya koti ikafunika uso. Treni ikaondoka. Kituo kimoja kikapita, na cha pili, amekunja shingo vilevile. Ningeweza kulala. Ningelala pale mpaka Roma, magoti kwa magoti, na tungefika sisi ni watu baki, na mambo yamekwisha.

Niliivuta khanga kichwani, nikaishusha mpaka kwenye macho. Nikasimama. Nikamkabidhi kiti changu mama mmoja mwenye mimba, wenye sanduku wakamwinua mtoto wao wakanivusha, nikatoka korido nikafunga mlango wa kioo. Nikaupa ule mlango mgongo.

Levina alikuja mbio, anakanyaga watu. "Bibi! Umekasirika? Amekukosea nini tena? Njoo ukae, mguu wako!"

"Sijakasirika. Nipishe."

"Sasa kwa nini unasimama?"

"Muulize mwenzako."

Akamgeukia Yasinta. Yasinta alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Huko ndani sijui Masanja alifanya nini. Sikumtazama. Haikuwa haki yangu tena kumtazama.

Nilisimama. Mji ukapita, mashamba, makanisa juu ya vilima, mji mwingine. Kila watu wakipita kwenda msalani nabanwa kwenye dirisha. Mguu uliacha kuuma ukawa haupo. Vituo vikubwa watu walishuka, chumba kikapungua, hata yule mjamzito akashuka. Kiti changu kikabaki wazi, na mimi nimesimama.

Akaja mkaguzi wa tiketi, mtu mzima, ana mvi. Akanitazama miguu, akatazama ndani, akakiona kiti. Akafungua mlango, akanionyesha kwa kidole, akasema maneno mengi ya huruma, akanishika kiwiko aniingize.

Nikautoa mkono wake. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Asante, baba. Siwezi kukaa pale. Amekaa mkwe wangu."

Hakuelewa, akaendelea na tiketi zake. Yasinta ndiye aliyeanza kulia kwa sauti, katikati ya korido, kama mtoto. Nikamwambia anyamaze, watu wanatuangalia.